Steve Tikolo na wastani usiofika 30: mjomba anatia chumvi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Mombasa, na kriketi nimeijulia kwenye simu, kwa kutazama ligi ya India. Mjomba wangu, ambaye zamani alikuwa hakosi mechi, hunishikilia kwamba Steve Tikolo wa Kenya alikuwa mpigaji wa kiwango cha dunia. Nimezitafuta takwimu zake za mechi za kimataifa za siku moja: mechi zaidi ya 130, mikimbio (ndizo alama za kriketi) 3,400 na ushei, senchari, yaani kufikisha 100 katika mechi, tatu tu, wastani haufiki 30. Siku hizi mtu wa wastani huo hata kwenye benchi hakai. Je, mjomba anatia chumvi? Na kama Tikolo alikuwa mkali hivyo, mbona Kenya ilipotea? Halafu alipostaafu alikwenda wapi?

JIBU: Marahaba, kijana. Namba zako ni sahihi na sitazipinga. Ila umezisoma kama za mtu aliyechezea India au Australia, na hapo ndipo mjomba anapokushinda bila hata kujua hesabu.

Wastani wa mpigaji ni mikimbio yake yote kugawanywa kwa idadi ya mara alizotolewa. Basi. Haukuambii nani alikuwa akimrushia mpira, timu ilikuwa na mikimbio mingapi alipoingia uwanjani, wala nani alikuwa amesimama upande wa pili wa wiketi. Pia hauna habari kwamba katika miaka ya 1990 timu ikifikisha 250 ilikuwa tayari imeshika mechi mkononi, wakati leo kwa 250 watu wanaanza kukuonea huruma.

Mimi kwa wachezaji wa timu ndogo hutumia kipimo kingine: mtu alibeba kiasi gani cha mikimbio ya timu yake. Timu ina watu 11. Mzigo ukigawanywa sawa, kila mmoja anabeba kama 9 katika kila 100. Mpigaji wa juu anayetegemewa tunamtazamia abebe zaidi ya hapo, tuseme 15 au hata 20. Sasa tumpitishe Tikolo kwenye mizani hiyo.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1971, katika nyumba ya kriketi. Ndugu zake Tom na David nao walicheza. Ukitazama Kenya ya enzi zile utakuta majina yanakuja kwa ukoo: akina Odumbe, akina Suji, akina Obuya. Sababu yake haina muujiza. Kriketi ya Nairobi ilikuwa ya vilabu, vingi vikiwa vimeanzishwa na Waasia, na mtoto wa Kiafrika aliyekulia karibu na uwanja aliingia kwa kuokota mipira, akapewa gongo, kisha akamvuta mdogo wake. Tikolo aling'ara na Swamibapa. Ligi ilikuwa ya wikendi, mechi za siku moja, jioni kila mtu anarudi kwake. Lishike hilo, tutalirudia.

Mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya siku moja ilikuwa pia ya kwanza kwa Kenya: tarehe 18 Februari 1996, mjini Cuttack, Kombe la Dunia, dhidi ya India. Fikiria mtu anatoka kwenye ligi ya wikendi, anakutana na mrushaji Anil Kumble mbele ya umati wa Kihindi. Akapiga 65, Kenya ikamaliza na 199 kwa wiketi 6, yaani wapigaji sita wametolewa. India walishinda kiulaini, maana Sachin Tendulkar alipiga 127 bila kutolewa, lakini 65 ile ilikuwa karibu theluthi ya mikimbio ya timu nzima.

Siku 11 baadaye, mjini Pune, Kenya iliishinda West Indies. Hiyo mjomba atakuwa amekusimulia mpaka umechoka. Kenya 166, West Indies 93 wote nje, na Brian Lara akadakwa na Tariq Iqbal nyuma ya wiketi kutokana na mpira wa Rajab Ali. Mchezaji bora wa siku alikuwa Maurice Odumbe. Siku hiyo ilikuwa ya warushaji, na katika 166 ile mikimbio ya bure waliyotoa West Indies wenyewe ilikuwa mingi kuliko ya mpigaji yeyote wa Kenya!

Ukitaka kumwona Tikolo hasa, nenda Kandy, tarehe 6 Machi mwaka huohuo. Sri Lanka, ambao siku 11 mbele walitwaa Kombe, walipiga 398 kwa wiketi 5. Ilikuwa rekodi ya dunia kwa mechi za siku moja na ilidumu miaka 10. Aravinda de Silva peke yake alipiga 145. Timu changa ikiwekewa mlima kama huo kwa kawaida hukubali yaishe. Tikolo akapiga 96 kwa mipira 95. Leo mwendo huo ni wa kawaida. Mwaka 1996, kwa mtu mwenye mechi chache za kimataifa mwilini, watu walikaa wima kwenye viti. Kenya ilimaliza na 254. Hesabu mwenyewe: 96 katika 254 ni zaidi ya theluthi.

Mwaka uliofuata ndio ule ambao mimi naona una jibu la swali lako la pili, kwa hiyo nivumilie. Aprili 1997, Kuala Lumpur, fainali ya ICC Trophy, mashindano ya baraza la kriketi duniani (ICC) kwa nchi zisizocheza mechi za testi, zile za siku tano. Kenya na Bangladesh. Zote mbili zilikuwa zimeshafuzu Kombe la Dunia la 1999, lakini fainali ni fainali. Kenya walianza vibaya: wiketi tatu zilianguka na ubao ukisoma 58. Tikolo akapiga 147. Timu nzima ilifikisha 241, yaani mtu mmoja alibeba mikimbio sita katika kila kumi.

Kisha mvua ikanyesha. Mechi ikasogea hadi siku ya pili, na kwa kanuni ya Duckworth na Lewis Bangladesh wakapewa shabaha mpya: mikimbio 166 kwa ova 25 (ova moja ni mipira sita). Ikafika ova ya mwisho, zinatakiwa 11, Martin Suji anarusha. Khaled Mashud akaupeleka mpira nje kwa sita. Ikabaki moja kwa mpira wa mwisho, mpira ukagonga pedi ya Hasibul Hossain, wakakimbia, wakaipata. Dhaka ililipuka kwa shangwe. Miaka mitatu baadaye, Juni 2000, Bangladesh wakapewa hadhi ya testi. Kenya hawakuipata wakati huo, na hawajaipata mpaka leo.

Sikuambii kwamba mkimbio ule mmoja ndio uliowapa Bangladesh testi. Hapana. Bangladesh ina mamilioni ya watu wanaokufa kwa kriketi, ina soko la televisheni, na majirani wenye nguvu katika baraza la ICC. Kenya ilikuwa na vilabu kadhaa vya Nairobi na Mombasa na kundi dogo la wachezaji wazuri sana. Ila ukiziweka timu mbili zile uwanjani miaka ile, Kenya hawakuwa nyuma. Mei 1998 Kenya waliipiga India mjini Gwalior kwa mikimbio 69, Odumbe akipiga 83 na Ravindu Shah 70. Oktoba 2001 waliipiga India tena, safari hii Port Elizabeth, kwa mikimbio 70. Hizo si bahati mbili za mtende.

Tikolo akapewa unahodha mwaka 2002, na mwaka 2003 likaja Kombe la Dunia lililoandaliwa na Afrika Kusini pamoja na Zimbabwe na Kenya. Kocha alikuwa Sandeep Patil, mpigaji wa zamani wa India. Kuna wanaosema Kenya walifika nusu fainali kwa sababu New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama baada ya shambulio la Kikambala la Novemba 2002, wakapoteza pointi bila kucheza. Pointi zile ziliwabeba, nani atakataa? Lakini Sri Lanka walikuja. Tarehe 24 Februari, uwanja wa Gymkhana, Kenya 210 kwa wiketi 9, Sri Lanka 157 wote nje, Collins Obuya akiondoka na wiketi tano kwa mikimbio 24. Bangladesh, wenye hadhi yao ya testi, walifungwa Johannesburg. Zimbabwe, nao wa testi, walifungwa Bloemfontein kwa wiketi saba. Ukishinda tatu kama hizo sioni kwa nini uombe radhi kwa ile ya mezani.

Nataka utazame mechi moja ya mashindano yale ambayo Kenya walipoteza. Tarehe 15 Machi, Durban, dhidi ya Australia waliokuwa hawashikiki. Brett Lee akiwa kwenye kasi yake mbaya anawatoa Kennedy Otieno, Brijal Patel na David Obuya kwa mipira mitatu mfululizo. Ubao: mikimbio 3, wiketi 3. Anayeingia ni nahodha. Mwisho wa mbio za Lee ule mpira unakufikia kabla hujamaliza kufumba jicho, na nyuma yako wapo watu wanaosubiri kukudaka kama fisi. Tikolo na Ravindu Shah wakakaa. Shah alitoka na 46, Tikolo na 51, na Hitesh Modi akamalizia. Kenya wakaishia 174 kwa wiketi 8 mahali ambapo wengi walitarajia 60. Kisha Aasif Karim, mzee wa miaka 39 aliyekuwa ameshastaafu akaitwa tena, akarusha ova nane na mipira miwili, akatoa mikimbio 7 tu, akachukua wiketi tatu, ya Ricky Ponting ikiwemo. Australia walishinda kwa wiketi tano, lakini kwa nusu saa hivi walikuwa wanatokwa jasho.

Sasa tazama 51 ile inavyoonekana kwenye takwimu ulizosoma. Ni 51. Haina maelezo ya 3 kwa 3.

Nusu fainali, tarehe 20 Machi, hapohapo Durban, India 270 kwa wiketi 4, Kenya 179. Tikolo alipiga 56. Tendulkar alipiga 83. Ukienda kwa mzigo, Tikolo alibeba asilimia 31 ya mikimbio ya Kenya na Tendulkar asilimia 31 ya mikimbio ya India. Tofauti ni kwamba Tendulkar alikuwa na Sourav Ganguly aliyepiga 111 bila kutolewa. Kwa Kenya hakuna mwenzake Tikolo aliyefika hata 40. Mpaka leo Kenya ndiyo nchi pekee isiyo na hadhi ya testi iliyowahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 50.

Miaka minne mbele, Kombe la Dunia la 2007 kule Caribbean, alikuwa bado yuleyule: 72 bila kutolewa katika ushindi dhidi ya Canada, halafu 76 kati ya 177 za Kenya dhidi ya Uingereza kisiwani St Lucia. Asilimia 43.

Mjanja kama wewe ataniambia nimechagua siku zake nzuri. Ndiyo, nimezichagua, kwa sababu mtu anayebeba theluthi ya timu dhidi ya India, Australia, Sri Lanka na Uingereza, kwenye Kombe la Dunia, tena kwa miaka 11, si mtu wa bahati. Lakini kuna doa ambalo mjomba hatakuambia. Tikolo alifika 50 zaidi ya mara 20 katika mechi hizo, na senchari ni tatu. Kwa mpigaji wa daraja lake hiyo ni kasoro. Alikuwa akiingia vizuri, anapendeza macho, miguu myepesi kwa warushaji wa mzunguko, halafu anatoka na 50 au 60. Sehemu ya lawama ni yake. Wakati mwingine alikimbilia mpira mkubwa mapema mno. Sehemu nyingine ni ya mazingira: ukiona wenzako wanaanguka upande wa pili unajua ova zinakwisha bila mtu wa kukimbia naye, basi unafungua bega.

Sehemu ya tatu ndiyo ile niliyokuambia uishike. Senchari ni stadi ya umakini wa saa nyingi, na umakini huo watu huujenga kwenye mechi za siku tatu, nne, tano. Kenya haikuwa na ligi ya namna hiyo. Mashindano ya ICC ya mechi ndefu kwa nchi ndogo, Intercontinental Cup, yalianza 2004, Tikolo akiwa na miaka 33.

Hapo tunaingia kwenye swali lako la pili. Baada ya nusu fainali ungetegemea ratiba ifurike. Mwaka 2004, mwaka mmoja tu baada ya Durban, Kenya walicheza mechi mbili za kimataifa za siku moja. Mbili! Zote kwenye Champions Trophy kule Uingereza, dhidi ya India na Pakistan. Iliyofuata wakaisubiri hadi Februari 2006, walipokwenda Zimbabwe. Nahodha wa timu iliyofika nne bora za dunia, akiwa kwenye umri ambao wapigaji huiva, alikaa mwaka na nusu bila kuichezea Kenya mechi hata moja ya aina hiyo. Tendulkar alimaliza maisha yake ya kriketi na mechi 463 za siku moja. Tikolo alipata zaidi kidogo ya 130, na nyingi za mwisho zilikuwa dhidi ya nchi ndogo wenzake. Timu kubwa hazikuona faida ya kuja Nairobi. Ziara bila fedha za televisheni ni hasara kwao.

Nyumbani nako moto ulikuwa unawaka. Wachezaji na chama walivutana juu ya malipo mpaka wachezaji wakagoma. Agosti 2004 Maurice Odumbe akafungiwa miaka mitano kwa kupokea fedha kutoka kwa mtu wa kamari. Wadhamini hawapendi harufu hiyo. Chama cha zamani kilisambaratika, na mwaka 2005 Cricket Kenya ikachukua nafasi yake chini ya Samir Inamdar. Sitaki kukurefushia habari za vikao na barua, maana zinachosha na kila upande una toleo lake. La msingi ni kwamba kizazi cha Tikolo kilizeeka bila warithi. Vilabu vilipungua nguvu, shule zilizokuwa zikicheza ziliacha, na wadogo waliopanda hawakukutana na timu ngumu za kuwakomaza.

Yeye alibaki. Alicheza Kombe la Dunia mara tano, 1996 hadi 2011, sawa na Thomas Odoyo. Lile la mwisho halikuwa na heshima kwa Kenya. Walifungwa mechi zote sita, na kule Chennai New Zealand waliwatoa wote kwa 69. Tikolo alikuwa na miaka 39, mikono bado ipo ila mwendo umekwenda. Akaaga. Halafu mwaka 2013, akiwa na miaka 42, akaitwa arudi kwenye mchujo wa Kombe la Dunia la T20, mechi fupi za ova 20, akarudi. Watu wengine walimsifu. Mimi nilisikitika, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya nchi ambayo katika miaka 10 haikupata kijana wa kumnyang'anya mzee nafasi. Mwaka 2014 Kenya wakapoteza hadhi yao ya mechi za siku moja, na Kombe la Dunia hawajaliona tena tangu 2011.

Usisahau pia kwamba alikuwa mrushaji. Wiketi 94 katika mechi hizo za siku moja, nyingi kwa mpira wake wa polepole wa kuzungusha. Mpigaji mkuu, nahodha, na mrushaji wa kutegemewa kwa mpigo mmoja. Timu kubwa hugawa kazi hizo kwa watu watatu.

Kwa hiyo, mjomba anatia chumvi? Akikuambia Tikolo alikuwa sawa na Tendulkar au Lara, mkatalie kwa adabu. Akikuambia angepata namba katika timu nyingi za testi za wakati wake, Zimbabwe, Bangladesh, hata West Indies ya mwishoni mwa miaka ya 1990 iliyomtegemea Lara kupita kiasi, mimi nipo upande wake. Wastani wake kwenye timu ya namna hiyo, akiwa na watu wa kushirikiana nao na mechi 25 kwa mwaka, ningeutazamia upande hadi thelathini na kitu. Hayo ni maoni yangu, na wapo wataalamu watakaoyabishia.

Ukitaka kumjaribu mwenyewe, usianze na jedwali la takwimu. Tafuta kadi ya mechi moja ya Kenya kati ya 1996 na 2007, funika majina kwa kidole, kisha tazama mikimbio mikubwa imekaa mstari upi. Fanya hivyo kwa mechi kama kumi, zikiwemo mbaya, ili usije ukasema nimekuchagulia.

Ulitaka kujua alikwenda wapi. Alikwenda kwenye ukocha. Alikaa miaka kadhaa na timu ya taifa ya Uganda kuanzia 2016, akiwafundisha akina Brian Masaba na Frank Nsubuga, huyo Nsubuga naye akiwa mtu mzima asiyejua neno kustaafu. Walipofuzu Kombe la Dunia la T20 la 2024 kocha alikuwa mwingine, na sifa za siku hiyo ni za huyo mwingine. Lakini wengi wa waliokuwa uwanjani walikuwa wamepita mikononi mwa Tikolo. Mchujo ule ulichezwa Windhoek, Novemba 2023, nchi saba, Tanzania na Rwanda zikiwemo, kwa nafasi mbili. Uganda waliipiga Zimbabwe, na wakaipiga Kenya pia.